Mwizi Mwenye Nyota

Hapo zamani za juzi, katika nchi ambayo jina lake silitaji kwa sababu lenyewe bado linachunguzwa asili, na anayelitaja kabla uchunguzi haujaisha hutiwa ndani, paliibwa mahindi. Msishtuke. Kuibiwa kwetu si habari, tumekuzoea kama mkono ulivyozoea kinywa. Habari ni kwamba safari hii Serikali ilisema inataka kujua wizi wenyewe umetoka wapi.

Naitwa Mama Chausiku, na kabla hamjaniuliza nimeyajuaje mambo ya wakubwa, nawaambieni. Mimi ndiye mwenye kantini ya Wizara ya Asili na Vizazi vya Maneno. Asubuhi chai na chapati, mchana wali maharage, na Mheshimiwa Waziri akiwepo, nyama. Watu huniuliza wizara hiyo kazi yake nini hasa. Kazi yake ni vikao. Vikao vinataka chai, na chai naipeleka mimi. Nimesimama nyuma ya viti vya watu wazito mpaka miguu ikavimba, na nimegundua jambo moja: wakubwa wakishaliona birika, aliyelishika hawamwoni tena. Wanasema yote mbele yake, hata yale ambayo wangewaficha wake zao.

Basi, mahindi. Nchi yetu ilikuwa na Ghala Kuu, limejengwa kwa ajili ya mwaka wa njaa. Mwaka wa njaa ukaja, maana huo hauna adabu, haungoji kualikwa. Mtukufu Mwavuli wa Taifa akaenda kulifungua ghala mbele ya kamera na bendi ya polisi. Huyu ndiye kiongozi wetu. Anaitwa Mwavuli kwa sababu anatukinga, na kama siku ya mvua mnatuona tumelowa chepechepe, ni kwa vile kila mwavuli una aliye chini yake na una mshikaji, na sisi ndio washikaji. Milango ikafunguliwa. Ndani mlikuwa na panya mmoja, amekonda, akatuangalia kama anayetaka kuuliza tumekuja na nini.

Bendi ikanyamaza. Mtukufu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, panya akawa bado yupo. Ndipo akalihutubia taifa papo hapo. Alisema mahindi hayakuibwa, mahindi yametutoka. Alisema kila kitokacho kina asili, na kwamba taifa lisilojua asili ya wizi wake haliwezi kujivunia wizi huo mbele ya mataifa mengine. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekuja na ndoo ya kupokelea mahindi, nikaipiga hiyo.

*

Wakati huo Wizara ilikuwa na mgeni, Profesa Voseli, kutoka nchi za baridi kule kaskazini mwa Ulaya. Alialikwa aje athibitishe kwamba lugha ya kijijini kwa Mtukufu ndiyo iliyozaa lugha zote za dunia. Mzee wa watu, mrefu, mpole, na lugha yetu anaiongea kuliko Waziri. Siku moja nilimwahidi chapati ya maji nikasahau. Kesho yake akasimama dirishani pangu akaniambia, bila kucheka, kwamba ahadi ni deni, Mama Chausiku. Nikampenda siku hiyohiyo.

Lakini elimu yake yeye, ile aliyomalizia maisha, ilikuwa juu ya kitenzi kimoja tu cha mababu wa Wajerumani na ndugu zao. Kimoja. Na kitenzi chenyewe, Mungu ana mambo yake, ni kuiba.

Mtukufu aliposikia hivyo akaitisha Baraza zima la Mawaziri lije lisomeshwe. Profesa akachora mti ubaoni. Chini akaandika wajukuu: Mjerumani anasema stehlen, Mholanzi stelen, Mswidi stjäla, Mwingereza steal, na palikuwa na kabila la Wagothi, wote walishakufa zamani, wao walisema stilan. Watazameni, alisema, pua moja, macho mamoja. Haiwezekani wakafanana hivi bila kuwa na babu. Juu ya mti akaandika jina la huyo babu, stelaną, na mbele ya jina akachora kinyota.

Waziri wa Ulinzi akataka kujua hiyo nyota ni cheo gani jeshini. Profesa akaeleza kwa upole. Nyota, alisema, ina maana kwamba neno hili hakuna aliyewahi kuthibitisha kulisikia. Waliolisema hawakujua kuandika, wakafa nalo. Sisi tumelirejesha kwa kuwatazama wajukuu tu. Likipatikana jiwe moja limechongwa neno hilo, jiwe moja tu, nyota itafutwa. Alisema jiwe hilo amelitafuta tangu ujana wake, na siku atakapoliona atapiga magoti alibusu.

Akaulizwa, je, na baba yake huyo babu ni nani? Akasema hapo wataalamu wenyewe kwa wenyewe wanatoana macho. Wapo wanaodai kwamba mwanzoni kabisa kilikuwa kitenzi cha kunyima, halafu kikaambukizwa sauti na jirani yake, kitenzi cha kuficha, ndipo kikawa kuiba. Nilikuwa namimina chai ya Waziri wa Fedha, nikaona kikombe kinacheza kwenye kisahani. Kunyima, kuficha, kuiba. Nikasema moyoni, mbona hao nawajua, wanakaa mtaa mmoja kule mlimani penye taa zisizokatika.

Mtukufu alikuwa amesinzia tangu Wagothi. Sasa akafumbua jicho moja.

"Yaani ukishawaona wajukuu, unaweza kumjua babu hata kama hakuna aliyemwona?"

"Naam, Mtukufu."

"Na huyo babu akitajwa, hawezi kukataa?"

"Hawezi, Mtukufu. Hakuna anayemsikia."

Mtukufu akacheka. Tangu njaa ianze hatukuwa tumeyaona meno yake, na siku ile niliyahesabu hadi magego.

*

Ikaundwa Tume ya Kurejesha Asili ya Wizi, mwenyekiti akiwa Waziri wetu wa Asili, Dakta Mandanda, mtu mnene mwenye sauti ya kuazima. Mwanzoni walifanya kazi kwa haki, na hilo nasema kwa kuwa nilikuwepo. Profesa alipanga wajukuu chini ya ubao kama desturi ya kazi yake ilivyo. Bandarini, kuiba kunaitwa kupungua njiani. Hazina kunaitwa kuhamisha fungu. Hospitalini kunaitwa dawa zimekwisha. Shuleni kunaitwa mchango wa hiari. Watazameni, alisema, pua moja, macho mamoja. Akaanza kuvuta mishale kutoka kwa wajukuu kwenda kwa baba, kutoka kwa baba kwenda kwa babu, kwa furaha kabisa, kama mtoto aliyepewa chaki, na mishale yote ikawa inapanda, inapanda, inakutana, na pale inapokutana palianza kupata umbo la kilima, na juu ya kilima jengo, na juu ya jengo bendera.

Dakta Mandanda akaruka akashika dasta. Alitangaza kwamba chaki imeharibika, akaagiza chai.

Kikombe cha pili hakijaisha, tayari alikuwa amepata suluhisho, na nakiri lilikuwa suluhisho la msomi. Alisema, ndugu wajumbe, sayansi ina masharti. Asili ya kweli lazima iwe na nyota, na mwenye nyota ni yule ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Sasa, Mtukufu Mwavuli tunamsikia redioni asubuhi, mchana na jioni. Basi sayansi imemsafisha. Sisi mawaziri nasi tunasikika kila mkutano. Tumesafishwa. Aliyeanzisha wizi katika nchi hii ni raia ambaye hajawahi kusikika na mtu yeyote. Twendeni tukamtafute.

Profesa akafungua mdomo. Halafu akautia chapati.

Hawakwenda mbali. Pale Ghala Kuu palikuwa na mtu wa mlango, Machano Ngwali. Kazi yake kufungua akiambiwa fungua, kufunga akiambiwa funga. Hajawahi kuhutubia, hajawahi kushtaki, hajawahi kupiga simu redioni kumsalimia mtu. Wakurugenzi wa ghala walipoulizwa jina lake, walitazamana, mmoja akasema, ah, yule wa mlango. Tume ikafurahi mno. Jina lake likaandikwa juu kabisa ya ubao, likawekewa nyota, naye akachukuliwa kazini kwake akiwa bado ameshika kufuli.

Redio ikatangaza kwamba asili ya wizi imepatikana. Kesho yake bei ya unga ikapanda, nadhani kwa shangwe.

*

Sasa nikwambieni kilichoniuma. Mke wa Machano, Bi. Mize, ni shoga yangu. Tunatenganishwa na ukuta mmoja. Akikaanga kitunguu mimi napiga chafya. Alikuja kantini amevaa kanga kinyume, hakujua hata kaivaaje, akaniambia, shoga, wamemwambia mume wangu asifumbue mdomo, na wanaomlinda wamekatazwa kumsikiliza.

Nikamwingiza kwa Waziri kwa mlango wa nyuma, pamoja na sambusa. Dakta Mandanda alimweleza sheria vizuri, kwa kirefu, akila. Mwenye nyota hapelekwi mahakamani, kwa kuwa mahakamani watu husikilizwa. Anahifadhiwa katika Makumbusho ya Asili, kwenye vyumba vya chini ya ardhi, milele, kwa faida ya vizazi vijavyo. Ila Serikali si katili. Akitokea mtu mmoja, asiye wa nyumba yake, akathibitisha kwamba amewahi kumsikia Machano akisema neno lolote, nyota itafutwa, na Machano atarudi kuwa mtu wa kawaida mwenye haki ya kushtakiwa. Muda ni hadi Siku ya Asili. Baada ya hapo nyota haifutiki tena.

Bi. Mize akasema yeye amemsikia. Kila asubuhi mumewe humuuliza ameamkaje. Waziri akasikitika sana, akasema mke ni tawi, na tawi haliwezi kutoa ushahidi juu ya shina.

Mimi je? Nilikwenda, msidhani nilikaa. Nilisimama mbele ya Tume nikasema Machano amewahi kuniambia chai yangu haina sukari, na ilikuwa kweli haina. Dakta Mandanda akaniuliza kama siku hiyo nilikuwa na birika mkononi. Nikasema ndiyo.

"Basi, Mama Chausiku," akasema, "hukuwepo."

Katibu akaandika kwamba hakuna aliyefika.

Bi. Mize akaanza kupiga hodi mlango hadi mlango. Alikwenda kwa kinyozi aliyemnyoa Machano miaka yote. Kinyozi akasema yeye hushughulika na kichwa kwa juu, mdomoni hafiki. Muuza nyama akasema Machano hununua kwa kuonyesha kidole. Imamu akasema amemsikia akiitikia amina, lakini amina ile ilikuwa ya msikiti mzima, hawezi kuapa ni ya nani. Wengine hawakufungua kabisa, ukasikia tu ndani redio inaongezwa sauti. Siwalaumu sana. Kila mmoja alifanya hesabu moja ya haraka: kama leo nitasema nimemsikia, kesho nani atasema amenisikia mimi? Lakini jioni shoga yangu alikuwa anarudi, anakaa kwenye ngazi ya nyuma ya kantini, anavua ndala, anatazama miguu yake, na nilikuwa natamani kuwatukana wote, mtaa mzima, kwa majina.

*

Siku ya Asili ikafika. Sherehe ilifanywa uwanja wa taifa, na Machano alitakiwa aonyeshwe kwa wananchi kabla ya kuhifadhiwa. Hapa Serikali iliona hatari. Je, akisema? Umati mzima si utakuwa umemsikia? Ndipo likaja wazo la pamba. Kila raia apewe pamba ya kutia masikioni, bure. Pamba iliagizwa nje, kwa makontena, na wimbo ukatungwa kwamba pamba ni uzalendo.

Sasa, kikulacho ki nguoni mwako. Pamba ile ilipofika bandarini ikapungua njiani. Ilipopita Hazina ikahamishwa fungu. Ilipofika uwanjani ilitosha jukwaa kuu tu: Mtukufu, mawaziri, mabalozi na wake zao, masikio yao yamejaa pamba nyeupe kama mito ya sofa. Sisi wengine tuliambiwa tutumie vidole. Maaskari wakapita safu kwa safu, vidole masikioni, vidole masikioni, na mimi nikaweka birika katikati ya magoti nikatia vidole.

Machano akapandishwa jukwaa dogo la katikati ya uwanja. Alikuwa amekonda, amevaa shati lilelile la kazini na kofia yake ya kudarizi, na nilimwona anatafuta mtu kwa macho. Shoga yangu alikuwa kando yangu. Sijui kama alimwona.

Dakta Mandanda akasimama karibu yake na kipaza sauti, akasoma hotuba ndefu juu ya mti na matawi, ambayo hatukuisikia kwa vidole. Halafu akafika mahali pa kumtaja Mtukufu Mwavuli wa Taifa. Tuliona midomo yake. Na Mtukufu akitajwa, sheria ni kupiga makofi, na asiyepiga anajulikana. Hakuna binadamu awezaye kupiga makofi na vidole viko masikioni. Uwanja mzima ukatoa vidole ukapiga makofi. Makofi yakaisha. Na pale yalipokwisha, kabla mikono haijarudi, Machano akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti, taratibu, kama mtu anayemjibu jirani, akasema:

"Mimi nilifungua mlango tu. Walioingia mnawajua."

Basi. Hakupaza sauti. Kule jukwaa kuu, kwa kuwa wana pamba, bado walikuwa wanapiga makofi, na Mtukufu alikuwa anapunga mkono.

Dakta Mandanda alikuwa ametoa pamba ya sikio moja ili asikie bendi. Akatugeukia akauliza kama kuna raia yeyote aliyesikia chochote. Maaskari wakatugeukia pia.

Bi. Mize akasimama. Alisema amesikia, na kwamba sote tumesikia. Nami nikasimama na birika langu, nikasema nimesikia, na macho ya Waziri yakapita juu yangu kama yanavyopita siku zote. Bi. Mize akawaita majirani kwa majina, mmoja mmoja, kinyozi, muuza nyama, imamu, na kila aliyeitwa akakuta kuna kitu kwenye kiatu chake. Mwishowe akamgeukia Profesa Voseli aliyekuwa amekaa pembeni ya jukwaa, bila pamba, maana wageni wa Wizara walisahauliwa kwenye bajeti.

"Profesa, wewe si wa hapa. Wewe hawakufanyi kitu. Sema tu kwamba umemsikia."

Profesa akasimama. Alimtazama Machano, akamtazama Bi. Mize, akamtazama Waziri. Nilimwombea, naapa. Nikasema, huyu ametafuta jiwe maisha yake yote, sasa limekuja na miguu. Akarekebisha miwani, akasema kwa lugha yetu, safi, haina hata kasoro moja:

"Samahani sana, mama. Mimi ni mtaalamu wa lugha zilizokwisha kufa. Za walio hai siziwezi."

Wakamchukua Machano. Chapati za maji za Profesa niliacha kupika siku hiyo.

*

Lakini neno si mtu, halikamatiki. Wiki haikupita ukaanza kulisikia. Sokoni ukimuuliza muuza nyanya mbona mafungu yamekuwa madogo, anakujibu, mimi mlango tu, mama. Kule kwa wafugaji wakasema zizi nilifungua mimi, fisi mnamjua. Wavuvi wa ziwani wakasema nilisukuma mtumbwi tu, walioupanda mwawajua. Wasichana wa shule wakaruka kamba kwa wimbo wake. Hata karani wetu alipoulizwa sukari ya ofisi imekwenda wapi, lilimtoka lenyewe, akajiziba mdomo kwa faili.

Serikali ikaingiwa na hofu. Mtukufu akaagiza msemo huo utafutiwe asili mara moja, ijulikane adui gani wa nje ameuleta, na akaahidi redioni kwamba matokeo yatasomwa moja kwa moja kutoka ukumbini, taifa lisikie. Kazi akapewa Profesa.

Bi. Mize wakati huo nilikuwa nimemchukua kantini, aoshe vikombe, asikae nyumbani peke yake na ule ukuta. Siku ya matokeo tuliingia naye ukumbini, mimi na birika, yeye na sinia. Mtangazaji wa redio alikuwa amekaa na vifaa vyake, wajumbe wamejaa. Profesa alikuwa ubaoni, na alivyokuwa akifanya kazi alijisahau. Alipanga wajukuu wote chini, wa sokoni, wa wafugaji, wa ziwani, wa kamba. Akavuta mishale. Akafuta neno hapa, akarudisha neno pale. Na juu kabisa, mkono wake ukaandika wenyewe: Mimi nilifungua mlango tu, walioingia mnawajua. Neno kwa neno, kama lilivyosemwa. Kisha, kwa mazoea, akapeleka chaki mbele ya maneno hayo achore nyota.

"Profesa," Bi. Mize akasema, na sinia mkononi, "hiyo nyota ya nini?"

"Ni desturi ya kazi, mama. Maana yake hakuna aliyewahi kulisikia likisemwa."

"Na hao wote huko chini, wamelirithi kwa nani?"

Chaki ikabaki hewani. Profesa alimtazama, kisha akawatazama wajukuu wote pale chini ya ubao, mmoja mmoja. Nadhani ndipo alipofahamu kwamba jiwe lake alishakutana nalo, lilimsemesha uwanjani, naye alilikana mchana kweupe. Akaitia chaki mfukoni. Alitoka bila kunywa chai, na nasikia alipanda ndege ya jioni.

Dakta Mandanda akalikimbilia dasta, lakini mtangazaji, kijana wa kazi, alikuwa tayari anasoma matokeo kama alivyoagizwa. Akalisomea taifa zima maneno yaliyo ubaoni, akamalizia kwa sauti ya taarifa ya habari kwamba hayana nyota.

*

Asubuhi watu walikuwa wamejaa mbele ya Makumbusho ya Asili. Hawakuwa na mabango, hawakuimba. Kinyozi alikuwepo, na muuza nyama, na imamu. Walikuwa wamesimama tu, mikono chini, masikio wazi. Kanuni ya Wizara, iliyotungwa na Dakta Mandanda mwenyewe, inasema asiye na nyota hawezi kuhifadhiwa. Nahisi kanuni asingeijali. Alijali ule ukimya. Akaja na ufunguo. Akamruhusu Bi. Mize aingie naye, na mimi nikaingia nyuma yao, maana ziara ya Waziri haiendi bila chai.

Tulishuka ngazi. Shoga yangu alikuwa amevaa kanga mpya na amepaka wanja, na njiani aliniuliza kwa kunong'ona kama anaonekana amekonda sana, asije akamshtua mwenzake. Nikamwambia yuko vizuri. Tukapita kwenye korido ndefu yenye unyevu, Waziri mbele, jasho linamtiririka kisogoni ingawa kulikuwa na baridi. Akafika kwenye mlango wa mwisho, akatia ufunguo, akafungua.

Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Sakafu ilikuwa bado na maji. Palikuwa na msumari ukutani, na kwenye msumari kofia ya kudarizi, na hapakuwa na kitu kingine, hata mkeka.

Bi. Mize hakulia. Aliingia, akaigusa kofia, akageuka akamtazama Dakta Mandanda, akangoja. Waziri akatazama sakafu, akatazama ufunguo mkononi mwake, akaanza kurudi nyuma.

"Mama, mimi sijui chochote," akasema. "Mimi ufunguo nimepewa tu asubuhi hii. Mimi nimefungua mlango tu."

Kisha akakisikia alichosema.

"Walioingia tunawajua," akasema Bi. Mize.

Nikaliweka birika chini, pale mlangoni, katikati ya miguu yao, nikasimama mikono mitupu, ili safari hii asije akasema mtu kwamba sikuwepo.